Mpole aende wodi gani? Jibu kwa intani wa uuguzi wa Mwanza

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 26, intani wa uuguzi katika hospitali moja hapa Mwanza, nimebakiza miezi mitatu nimalize. Kwenye semina ya vijana kanisani tulipimwa haiba, nikaambiwa mimi ni melankoli. Baadaye nikajaza kipimo cha mtandaoni kikanipa herufi INFJ. Nilipokirudia mwezi uliofuata kikanipa ISTJ. Ni mtu mkimya, sipendi kelele. Wenzangu wanasema mpole kama mimi anafaa afya ya akili. Muuguzi kiongozi anasema wanaume tuko wachache, kwa hiyo anataka nibaki dharura. Mimi mwenyewe nilijisikia nyumbani zaidi kwenye chumba cha watoto njiti, ila nikisema hivyo watu wanacheka. Isitoshe, kule kuna mtoto alifariki nikiwa nimemshika, nikalia mbele ya wenzangu, wakasema sina moyo wa kazi. Haiba yangu inafaa idara ipi? Na nikija kusoma shahada ya uzamili, nichukue mkondo gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hizo herufi, maana naona zimekuchanganya zaidi ya kukusaidia.

Kipimo hicho, kinachoitwa MBTI, kilibuniwa na mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, na bintiye Isabel Briggs Myers. Walichukua mawazo ya daktari wa Uswisi, Carl Jung, aliyeandika kuhusu aina za watu mwaka 1921, wakayageuza kuwa dodoso wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kila jibu linakusukuma upande mmoja kati ya pande mbili, mwishowe unapata herufi nne, aina moja kati ya 16. Shida iko kwenye kule kusukumwa. Watu wengi ukiwapima ukimya na uchangamfu wanakaa katikati. Sasa mtu wa katikati akijibu maswali mawili tofauti na alivyojibu mwanzo, labda kwa sababu jana yake alikuwa zamu ya usiku, herufi inageuka na anaambiwa amekuwa mtu mwingine. Kwako zimegeuka mbili kati ya nne ndani ya mwezi mmoja. Hujabadilika chochote. Kampuni inayokimiliki kipimo hicho yenyewe inasema kisitumike kuchagua wafanyakazi, na vile vya bure unavyovikuta kwenye simu mara nyingi ni vya kuiga tu.

Melankoli ni ya kale zaidi. Matabibu wa Kigiriki tangu enzi za Hippocrates, na Galen baada yake, waliamini mwili unaendeshwa na maji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Aliyezidiwa na nyongo nyeusi ndiye mtu wa huzuni na mawazo mengi. Wewe umesoma fiziolojia, unajua nyongo inatoka wapi na ina rangi gani. Semina za vijana bado zinayapenda majina hayo manne na sina ugomvi nazo, angalau zinawafanya wachumba waongee. Lakini usipangiwe wodi kwa nyongo.

Watafiti wengi wa saikolojia siku hizi wanatumia sifa tano, na kila moja inapimwa kwa kiwango, kuanzia kidogo hadi kingi: uchangamfu, ukunjufu kwa watu, umakini na uwajibikaji, wepesi wa kupata wasiwasi, na upenzi wa mambo mapya. Mwaka 1991 Barrick na Mount walikusanya tafiti nyingi za kazi za namna mbalimbali, wakakuta kwamba sifa iliyoambatana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolitazama ni ule umakini na uwajibikaji. Yaani mtu anayemaliza alichokianza na kuhakiki bila kusukumwa. Uchangamfu ulisaidia kwa mameneja na watu wa mauzo. Wewe huuzi kitu.

Kwa hiyo mimi swali lako ningelipindua. Acha kuuliza wewe ni mtu wa aina gani, uliza siku mbaya ya idara ile ikoje, halafu ujiulize kama ungeamka kesho ukairudia. Siku nzuri za wodi zote zinafanana: wagonjwa wamepata nafuu, dawa zipo, zamu imekabidhiwa kwa wakati. Idara zinatofautiana siku mambo yanapoharibika.

Chukua dharura, anakokutaka muuguzi kiongozi wako. Watu wanadhani ni mahali pa wenye sauti kubwa, wale wa nyongo ya manjano wanaoitwa koleriki. Simama pale Jumamosi saa mbili usiku. Bodaboda zimegongana Buzuruga, majeruhi kaletwa na bajaji, ndugu wameingia naye hadi ndani, na kitanda cha pili yupo mvuvi wa Ukerewe anatapika damu ya mabonge kwa sababu kichocho cha tumbo kimemharibu ini miaka mingi bila mwenyewe kujua. Anayefaa hapo ni yule anayefuata mpangilio uleule bila kuruka hatua: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, ndipo fahamu. Anayepayuka mara nyingi ndiye aliyesahau njia ya hewa, maana damu imemvuta macho. Nimewafundisha wasichana ambao darasani ulilazimika kusogea karibu ili uwasikie, na leo wakiwa zamu ya dharura madaktari wanashusha pumzi.

Kinachowashinda watu dharura ni kwamba hujui mwisho. Unamwekea yule mvuvi njia mbili za dripu, damu inaanza kuingia, anapandishwa wodini, nawe unafungua faili jingine. Wapo wanaoipenda hali hiyo, inawaacha wepesi. Wapo ambao wiki nzima wanamwaza, hadi wanapanda wodini muda wa chai kumchungulia. Kama wewe ni wa hawa wa pili, kazi ya dharura utaiweza lakini itakumaliza polepole. Jichunguze hapo kabla ya kumjibu kiongozi wako.

Hilo la mpole aende afya ya akili husemwa na watu ambao hawajawahi kumaliza zamu kule. Mgonjwa mwenye furaha iliyopitiliza atakuchangamkia, atakuomba namba ya simu, atakuahidi kiwanja Capri Point, na baada ya dakika kumi atakutukana mama yako. Unatakiwa umkatalie kwa sauti ileile uliyomsalimia nayo. Upole unasaidia, ila upole usio na mipaka humfanya muuguzi awe mtumwa wa wodi nzima. Na kuna jambo linaloniudhi: wanaume hupelekwa kule kwa sababu ya misuli, ati wa kushika wagonjwa. Anayeijua kazi hafiki kwenye kushikana ila mara chache sana. Anasimama upande kidogo, mikono ikionekana, mlango haujazibwa, anaongea taratibu na kwa maneno machache. Kama ulipopita kule hukuchoka na mazungumzo marefu yasiyoeleweka, lifikirie. Kama ulikuwa unatazama saa, usikubali kupelekwa eti kwa sababu tu huongei sana.

Theata, yaani chumba cha upasuaji, nitaipitia haraka, ingawa wakimya wengi wanaikimbilia. Ni kweli kuna utulivu, mgonjwa amelala, kazi ina mwanzo na mwisho. Lakini muuguzi wa theata anahesabu gozi (vitambaa vya kufyonza damu) na vyombo kabla ya kuanza, kabla ya kufunga na baada ya kufunga, na hesabu isipotimia mgonjwa hafungwi hata kama daktari bingwa amekunja uso na anataka kuwahi. Mkimya asiyethubutu kusema "bado gozi moja" hafai theata, hata angeupenda utulivu namna gani. Hapo unaona kwamba ukimya na woga havikai sehemu moja, na kipimo chako cha mtandaoni hakivitenganishi.

Wapo wanaotaka kumjua mgonjwa kwa muda mrefu. Kitengo cha kusafisha damu kwa wenye figo zilizofeli ni cha hao: watu walewale, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne hivi kila mara. Utajua majina ya wajukuu wao. Utajua pia kwamba yule ambaye hakufika Jumatano amekwama kwenye nauli au malipo. Huduma za saratani pale hospitali ya Bugando nazo ni hivyohivyo, hasa kwa watoto wenye uvimbe wa taya wa Burkitt, ugonjwa unaowaandama watoto wa ukanda huu wa ziwa wenye malaria nyingi. Unakaa na familia miezi. Wengine wanapona, na hao hukurudia siku ya kliniki wamevaa sare za shule. Wengine hawaponi.

Sasa watoto njiti. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nadhani wanaokucheka hawajui kule kuna nini.

Chukua mtoto wa kilo 1.2, siku ya tatu tangu azaliwe, ana maambukizi, ameandikiwa gentamaisini. Kwa dozi ya miligramu 3 kwa kilo anahitaji miligramu 3.6 mara moja kwa siku (dozi hubadilika kwa uzito na umri, fuata mwongozo wa wodi yenu). Kichupa ulichoshika kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Kimetengenezwa kwa mtu mzima. Ukitaka kuvuta moja kwa moja unatafuta mililita 0.09, ambayo kwenye sindano ya mililita moja haifiki hata sehemu ya kumi. Kwa hiyo unavuta mililita 1 ya dawa, unaongeza maji ya sindano mililita 3, sasa kila mililita ina miligramu 10, nawe unampa 0.36. Nukta ikisogea hatua moja umempa mara kumi. Mtoto yule hatakwambia kitu. Figo zinaweza kuumia, na masikio kama yameharibika utajua miaka miwili baadaye mama atakapoleta mtoto asiyeitika akiitwa.

Dripu yake unaihesabu kwa seti ya matone madogo, 60 kwa mililita, ambayo uzuri wake ni kwamba matone kwa dakika yanalingana na mililita kwa saa. Maziwa ya mama yanapita kwenye mpira mwembamba, mililita chache kila baada ya saa mbili au tatu, na kila mara unahakikisha mpira uko tumboni. Joto libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Uzito wa leo unaulinganisha na wa jana, na unafurahia gramu 20 kama mtu aliyepata ajira. Halafu unahamia kwa mtoto wa pili, wa tatu, wa kumi, vitanda viwili viwili, usiku kucha.

Nani anafaa hapo? Anayehakiki dozi ya mtoto wa kumi kwa umakini uleule wa mtoto wa kwanza, saa kumi alfajiri, hakuna anayemtazama. Barua yako inaeleza mtu wa namna hiyo. Hukuandika kwamba uliwapenda watoto, ambalo kila mtu husema. Uliandika kwamba ulijisikia nyumbani. Ulichopaswa kuniambia na hukuniambia ni kama mahesabu yalikuchosha au yalikutuliza. Jiulize hilo.

Kuna upande wa pili ambao wakimya huusahau. Mtoto njiti haongei, ila ana mama, na mama amekaa kwenye benchi nje akikamua maziwa yanayotoka matone matatu. Wakati mwingine katoka Geita, mume hajafika, na kijijini kashaambiwa mtoto wa miezi saba haishi. Ukichagua wodi hiyo ili usiongee na watu, utapotea. Siku ya kumfundisha kangaruu utatakiwa kumweka mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi. Wewe ni mwanamume: omba ruhusa, weka pazia, mwite nesi wa kike au bibi wa mtoto afunge kanga, wewe simamia shingo ya mtoto ili njia ya hewa isijikunje. Uanaume wako una faida yake pia. Akina baba wa huku wanasimama mlangoni wakidhani kangaruu ni mambo ya wanawake, na mwanamume mwenzao mwenye sare akiwaambia "vua shati, mbebe mwanao, mama apumzike," wengi wanavua. Sisi tungesema hayo mwezi mzima.

Kuhusu kulia. Anayelia mtoto anapofariki mikononi mwake hana kasoro ya kazi. Swali langu ni nini kilifuata. Ulimfunika vizuri, ukampa mama muda wa kumshika, ukaandika saa kwenye faili, ukarudi kwa mtoto wa kitanda kinachofuata ambaye alikuwa anasubiri maziwa? Kama ulifanya hivyo huku machozi yanatoka, moyo wa kazi unao. Kama uliondoka zamu na wale wengine wakakosa mlo, hapo pana kitu cha kujifunza, na kinafundishika. Ukiona wiki zinapita hulali, au ukisikia kengele ya mashine hata ukiwa nyumbani Nyegezi, zungumza na mtu mwenye ujuzi. Hospitali yenu ina kitengo cha afya ya akili, na wauguzi wanaruhusiwa kuwa wagonjwa. Waliokucheka waache. Wengine wao hulia chooni.

Leba hukuitaja, nami nashangaa, kwa sababu intani wa kiume wengi hunitumia swali hilo kwanza. Siku mbaya ya leba ni dakika moja yenye kazi mbili: mtoto katoka hapumui, na unatakiwa awe anapumua au anapuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika haijaisha, wakati huohuo mama anatakiwa apewe oksitosini yuniti 10 ili asivuje damu. Anayeweza kugawa macho yake hivyo bila kupoteza mpangilio ataipenda leba, mkimya au mwongeaji. Wapo akina mama wa Kanda ya Ziwa watakaomkataa mkunga wa kiume, na hiyo ni haki yao. Walio wengi, ukijitambulisha kwa jina, ukamwita mama, ukamwambia kila unachotaka kufanya kabla hujamgusa, wakati wa uchungu hawahoji tena. Sauti ya chini kule ni mali, kwa sababu kelele zipo za kutosha.

Sasa nikwambie jambo ambalo wanaouza vipimo hawalijui. Hapa kwetu huchagui idara kama mtu anavyochagua shati dukani. Ajira za serikali zikitoka, TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, inaweza kukupangia zahanati, na zahanati hiyo inaweza kuwa kisiwani. Pale wewe ndiye leba, ndiye dharura, ndiye chanjo, ndiye stoo ya dawa, na jioni ndiye unayejaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, kwa taa ya sola. Friji ya chanjo isipande juu ya nyuzi 8 wala kushuka chini ya 2. Rufaa inategemea boti na upepo. Hakuna herufi ya kipimo inayosema "anaweza kuamua peke yake usiku wakati ziwa limechafuka."

Nimewaona vijana wa mjini waliolia walipopangiwa visiwani, na baada ya muda ukiwaambia warudi hospitali kubwa wanakataa. Huwa ni watu wanaopenda kulijua eneo zima. Mmoja wao alinifundisha kwamba kliniki ya kambi za wavuvi wa dagaa inapangwa kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, wanaume wanabaki kambini, wamelala, wamepumzika, wanapatikana. Wiki hiyo ndiyo anapeleka vipimo vya VVU, dawa za kichocho, na kuwafuata waliokatisha dawa za kifua kikuu. Wenzake waliopanga kliniki kwa kalenda ya ofisini walikuta wanawake na watoto peke yao. Ukijiona unafurahia fumbo la namna hiyo, afya ya jamii ni ubingwa kamili, usiione kama adhabu.

Mimi wanafunzi wangu nilikuwa nawapima saa tisa usiku. Mchana kila mtu anafanya alichoambiwa. Saa tisa usiku wodi ikitulia, kila mmoja anarudi kwenye asili yake. Mmoja anapanga upya trei ya dharura na kuhesabu vichupa. Mwingine amevuta kiti, anaongea na mgonjwa asiyepata usingizi. Mwingine anatembea kitanda kwa kitanda akigusa miguu kuona nani amepoa. Mwingine anasoma mafaili toka ukurasa wa kwanza. Na yupo anayelala, huyo naye amejibu. Imebaki miezi mitatu ya intani, jitazame saa hiyo katika wodi utakazopangiwa. Unachokifanya bila kuagizwa kina uzito kuliko maswali yote ya kwenye simu.

Ila tenganisha idara na mtu. Wengi wanaoniambia wodi fulani haiwafai, nikiwachimba kidogo, wamechoshwa na kiongozi wa zamu au na mwenzao mmoja mwenye ulimi. Kiongozi hubadilishwa. Hivyo kabla hujaandika kwamba hupendi dharura, jiulize ungeionaje kama ungefanya na wale wa chumba cha njiti.

Kwenye uzamili usiharakishe. Fanya kazi kwanza, maana mkondo unaoupenda leo ukiwa intani huenda usiwe ule utakaoubeba ukiwa na mke, watoto na zamu za usiku. Chuo kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, wana uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake. Hapa nyumbani, chuo kikuu cha afya cha CUHAS kiko kilima kilekile cha Bugando; panda uende mwenyewe ofisini uulize wanachotoa mwaka huu kwa upande wa watoto na masharti yake. Ukienda njia ya watoto wachanga, ujuzi wa wagonjwa mahututi hautapotea, kwa hiyo hata mkondo ule wa Muhimbili usiufute. Wakati huo tumia mafunzo mafupi ya kumsaidia mtoto kupumua na ya huduma ya kangaruu, yanayohesabika pia kwenye pointi unazozihitaji kuhuisha leseni kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Kwa muuguzi kiongozi wako, usiende na herufi wala neno melankoli. Ana wodi za kujaza, haiba yako hatailaza kitandani. Mwambie dharura utakaa mwezi mmoja na utafanya kazi kweli, kisha unaomba miezi miwili iliyobaki uwe chumba cha njiti, na mpe sababu anayoweza kuiandika: mahesabu ya dozi unayaweza, na akina baba wanahitaji wa kuwaelekeza kangaruu. Kabla ya hapo ongea na msimamizi wa chumba cha njiti, yeye akikuombea inakuwa rahisi zaidi kuliko ukijiombea. Na wahi kabla ratiba ya mwezi ujao haijabandikwa ukutani. Ikishabandikwa, kubadilisha jina moja ni kugombana na wodi tatu.